Somo Wako Nani?



Mwaka juzi tulimshonea bi harusi mmoja nguo zake zote. Gauni la nikaha, gauni la dukhula, na magauni sita ya kuvaa nyumbani kwake. Tulimpima vizuri na nguo zilimkaa. Miezi miwili baada ya harusi alirudi na magauni mawili, akataka tuyabane kiunoni. Tukayabana. Baada ya wiki chache akarudi na mengine mawili. Alipokuja mara ya tatu, futi ilituonesha kuwa kiuno chake kimepungua inchi nne tangu siku ile ya kwanza. Tuliona, tukaandika kwenye daftari, tukachukua chaki. Fundi haulizi mambo ya ndani ya nyumba ya mtu, ndivyo tulivyojifunza tangu tuko darasa la ushoni.

Siku hiyo alikuwepo dukani bibi mmoja jirani yetu, ambaye hupenda kuja kukaa nasi mchana akisubiri alasiri. Alimtazama yule binti alipovua buibui, akamuuliza swali moja tu.

"Mwanangu, somo wako nani?"

Binti akajibu, "Sina, bibi." Akaeleza kuwa walifanya sherehe kubwa, akapakwa singo siku saba, akaletwa mwalimu wa kulipwa kwa saa mbili mbele ya wageni, na basi. Hakumaliza kueleza. Alilia mpaka tukafunga mlango wa duka.

Ametupa ruhusa tulieleze hili bila ya jina lake, kwa sharti kwamba liwafae wengine. Sisi tulimpima mara tatu na hatukuuliza kitu. Bibi alimwona mara moja akauliza. Tangu siku ile tumekuwa tukisoma na kuuliza wazee, tujue hasa huyu somo alikuwa nani katika visiwa vyetu, na kwa nini mabibi harusi wetu wengi siku hizi hawana wa kumtaja.

Somo alikuwa nani

Neno somo kwetu lina maana nyingi. Ni funzo, ni wajina, na ni mtu wa siri yako. Katika ndoa, somo ni mwanamke mtu mzima anayekabidhiwa mwali, amfunze hedhi na tohara yake, usafi, kujipamba, namna ya kuishi na mume, na mambo ya faragha. Wengine humwita kungwi. Huyu hakuwa mama mzazi. Kwa heshima zetu za pwani, mama na mtoto wake hawakuambiana mambo ya chumbani, na kwa hiyo ilibidi awepo mtu wa tatu, wa karibu lakini asiye mzazi, ambaye mbele yake haya inaweza kuwekwa upande kidogo.

Mafunzo haya yalipata sura yake hapa kwetu kwa njia yenye maumivu, na si vizuri kuificha. Katika karne ya 19, Unguja na Pemba zilijaa mashamba ya karafuu, na watu wengi waliletwa kwa nguvu kutoka bara kuja kuyafanyia kazi. Walikuwemo Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazaramo na wengine. Wanawake katika hao walikuja na elimu ya makwao ya kumtoa msichana utotoni, yaani unyago, na ngoma zake. Wengine waliwekwa majumbani kutumikia. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonesha jinsi wanawake wa asili ya utumwa walivyokuwa ndio wanaowafundisha mabinti wa kiungwana mambo ya unyumba. Mtu ambaye hakuwa na haki ya kusema hapana juu ya mwili wake mwenyewe ndiye aliyeshika elimu ya mwili ya nyumba nzima.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Hata hivyo masuria hawakuingizwa katika amri hiyo, na ilibidi wangoje mpaka mwaka 1909. Wengi waliopata uhuru walihamia Ng'ambo ya mji, wakavaa kanga badala ya kaniki za kitumwa, na ngoma ya unyago ikawa mahali ambapo wanawake wa asili mbalimbali walikutana na kujijengea undugu mpya. Kungwi akawa mtu wa kuheshimiwa mtaani. Ndiyo njia aliyopita Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo. Dunia ilimjua kwa taarabu, lakini wanawake wa hapa walimjua pia kwa unyago na ngoma yake ya msondo, mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013.

Kazi yake haikuwa ya siku moja

Tulipomuuliza bibi yetu somo alifanya nini hasa, tulitarajia atuhesabie dawa na manukato. Alianza na hayo kweli. Singo ya liwa na mawaridi, asumini za kitandani, udi wa nguo na wa nywele, karafuu. Halafu akasema hayo yote ni vitangulizi tu. Kazi yenyewe ilikuwa katika nyakati tatu.

Wakati wa kwanza ni kabla ya harusi, mwali akiwa ndani. Siku zilikuwa nyingi, na katika kupaka singo na kusuka nywele maneno yalitoka kidogo kidogo. Mwali alipata nafasi ya kuuliza jambo leo, akalilalia, akauliza tena kesho. Somo alipata nafasi ya kumsoma mtoto, anaogopa nini, aliwahi kuumizwa na mtu, anampenda huyu bwana au anaolewa kwa kutii.

Wakati wa pili ni fungate, zile siku saba za mwanzo. Somo alikuwa karibu na maharusi. Asubuhi alikuja na maji ya moto na chai, akamkanda bi harusi, na katika kumkanda akajua usiku ulipitaje. Kama mtoto aliumia sana au alitishika, ni yeye aliyepeleka maneno kwa upande wa bwana kwamba asubiri, ende taratibu. Bi harusi hakulazimika kumwambia mumewe mwenyewe, maana usiku wa pili wa ndoa ulimi bado mzito.

Wakati wa tatu ndio uliotugusa zaidi. Ni miaka yote iliyofuata. Mwanamke akizaa akakosa hamu, mume akioa mwingine moyo ukaungua, mimba zikiharibika, hedhi zikikatika, alikuwa na mlango wa kubisha hodi. Somo alibaki somo mpaka mmoja wao afe. Bibi mwenyewe anasema somo wake alimfundisha mambo ya chumbani kwa siku saba, na alimsikiliza kwa miaka thelathini na moja.

Wazee wetu hawakuwa na maneno tunayotumia leo, kama sonona au afya ya akili. Walisema fulani ana majonzi, fulani hana raha na nafsi yake, au fulani amepanda pepo. Lakini walijua kuwa mwanamke asiyelala, asiyekula na asiyemtaka mumewe si watu watatu tofauti wenye maradhi matatu.

Na kasoro zake tuzitaje

Hatutaki kuwauzia zamani iliyosafishwa kama kanga mpya. Kulikuwa na kitambaa cheupe cha usiku wa kwanza, na watu waliokaa nje wakingoja habari. Fikirieni binti wa miaka kumi na tano, chumba kigeni, mwanamume mgeni, na nyumba nzima inasubiri damu. Daktari yeyote wa leo atakwambia kuwa si kila bikira hutoka damu, kwa hiyo wapo waliofedheheka bila ya kosa. Na hofu ile inakaza mwili. Wengine walibaki nayo hiyo hofu maisha yao yote, na hakuna aliyewauliza.

Kasoro ya pili ni kwamba mafunzo mengi yalikuwa ya upande mmoja. Mwali alifundishwa kumstarehesha mume, kujua anachopenda, kutomchosha. Yeye mwenyewe anapenda nini, hilo halikuwa swali la kila kungwi. Wapo waliofundisha vizuri, na bibi anasema unyago wa kweli ulimfundisha mwanamke kuujua mwili wake na kuufurahia. Lakini wapo walioishia kwenye neno moja, vumilia.

Watu wanaotetea upande huu mmoja hupenda kumtaja Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa nasaha za ndoa, akiufananisha na hirizi ya kujivika. Ni kweli nasaha zake ni za utiifu, kujipamba, kumlaza mume na kumkanda. Sisi wenyewe tuliusoma skuli tukauona mzito. Tumeusoma tena mwaka huu na tumeona jambo ambalo hatukuliona zamani. Mwana Kupona anamsimulia binti yake ndoa yake mwenyewe, kwamba waliishi kwa furaha na vicheko, hawakuvunjiana heshima, na yeye hakuona ubaya kwa mumewe mpaka mauti yalipomchukua. Kwa hiyo anayetoa nasaha zile ni mwanamke aliyetendewa wema. Kuchukua nasaha zake na kumpa binti anayeumia, bila ya kuangalia yule mume anamtendea nini, ni sawa na kukata nguo kwa kipimo cha mtu mwengine.

Dini yetu ilikwishasema kabla ya unyago

Kuna dada alituandikia kuuliza kama mambo haya yanafaa kuzungumzwa na Muislamu mwenye haya. Tunamjibu kwa historia, maana ilianza Madina kabla ya kufika Unguja.

Katika Suratul Baqara, aya ya 187, Mwenyezi Mungu amewafananisha mume na mke na nguo, kila mmoja kwa mwenzake. Sisi mafundi aya hii tunaipenda sana. Nguo inasitiri, inapasha joto, inapamba, na iko karibu na ngozi kuliko kitu chochote. Na nguo inayochoma ngozi huwezi kumwambia mtu aivae hivyo hivyo kwa sababu ameshainunua. Utaigeuza ndani nje, uone mshono gani unamkwaruza.

Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ummu Sulaym alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza waziwazi kuhusu mwanamke anayeota ndoto ya kuota janaba, kama inampasa kuoga. Mtume hakumfukuza, alimjibu. Mapokezi haya yamo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, na tunayapenda kwa sababu swali lenyewe lilikuwa juu ya hamu ya mwanamke, na halikuhesabiwa kuwa ni utovu wa adabu.

Kisha kuna kisa cha Salman Al-Farisi, nacho ndicho kilichotufanya tujione wadogo. Mtume alikuwa amemuunganisha Salman na Abu Darda kuwa ndugu. Siku moja Salman alikwenda kumtembelea ndugu yake, akamkuta mke wake, Ummu Darda, amevaa nguo chakavu hajijali. Akamuuliza ana nini. Ummu Darda akamwambia kwamba ndugu yako Abu Darda hana haja na dunia. Abu Darda alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha. Salman hakusema hayo si yangu. Alimfanya Abu Darda ale naye, akamlaza usiku, wakaamka pamoja mwisho wa usiku wakasali, kisha akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipoelezwa alisema Salman amesema kweli.

Salman hakuwa fundi wa nguo. Aliona nguo za mwanamke zimebadilika akauliza. Sisi ambao nguo ndiyo kazi yetu tuliona tukachukua chaki.

Na Sayyidna Umar, katika ukhalifa wake, inapokewa kwamba usiku mmoja alimsikia mwanamke ndani ya nyumba yake akimlilia mume aliyekuwa mbali vitani. Akaenda kumuuliza binti yake Hafsa mwanamke anaweza kustahimili muda gani bila ya mume. Hafsa aliona haya lakini alimjibu, na Umar akaweka mpaka wa muda wa askari kukaa mbali na wake zao. Riwaya zinatofautiana kati ya miezi minne na sita. Hapa kwetu wanaume wetu wengi wako Muscat, Dubai au melini, na mwanamke akisema nina upweke huambiwa mbona pesa anatuma. Khalifa wa Waislamu aliubadilisha utaratibu wa jeshi zima kwa sababu ya sauti ya mwanamke mmoja.

Wanazuoni waliokuja baadaye waliendelea na njia hiyo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihyau Ulumid Din, kitabu ambacho masharifu wa Hadhramaut waliokuja pwani yetu walikithamini sana, kwamba mume akishatosheka asimwache mkewe, angoje mpaka naye apate haja yake, kwa kuwa ya mwanamke inaweza kuchelewa. Miaka 200 hivi kabla yake alikuwepo Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Yeye aliandika kitabu kizima juu ya kuihifadhi afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja. Alieleza kuwa nafsi inaugua kama mwili unavyougua, kuwa kimoja kinaumiza kingine, na kuwa mtu mwenye huzuni anahitaji fikra zake mwenyewe na pia maneno ya mtu mwengine kutoka nje. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake maarufu kuhusu afya ya unyumba mwaka 1975, ikiunganisha mwili, hisia na akili. Ni jambo zuri, nasi tunalishukuru. Lakini binti wa Kiislamu asidhani kwamba fikra hii imeingia kwake kwa meli ya Wazungu.

Vipi tulimpoteza somo

Hakufa siku moja. Skuli ziliwachukua wasichana asubuhi mpaka mchana, na hilo ni kheri, nasi tumefaidika nalo. Siku za kukaa ndani zikapungua. Mashekhe wengine walikataza ngoma, na kwa baadhi ya yaliyokuwa yakiimbwa na kuoneshwa hadharani walikuwa na haki. Lakini ngoma ilipoondoka, mtu aliyekuwa nyuma ya ngoma aliondoka nayo, na hakuna aliyewekwa mahali pake. Familia zikatawanyika, shangazi yuko Dar es Salaam, khalati yuko London. Simu ikaja, na sasa binti anafundishwa na video ambazo hazimjui.

Na sisi wa biashara ya harusi tuna sehemu yetu. Tumechukua vitu vya somo tukavitia kwenye paketi. Singo inauzwa kwa kopo, udi kwa tola, mapambo ya kitanda kwa seti. Mafunzo yamekuwa onesho la saa mbili lenye kipaza sauti, kila mtu anacheka, na mwali amefunikwa kanga katikati hawezi kuuliza kitu. Kesho yake mwalimu ana harusi nyingine. Hatusemi vitu hivi ni vibaya, ndivyo vinavyotulisha. Tunasema tumeuza vitangulizi na kazi yenyewe tumeiacha.

Yule binti

Sasa tumalizie habari yake. Usiku wa kwanza aliumia na akaogopa. Usiku wa pili mwili ulijikaza wenyewe kabla hata hajaguswa. Mumewe si mtu mbaya. Alidhani hapendwi, akanyamaza, akaanza kurudi nyumbani usiku. Mama yake alipodokezwa alisema atazoea. Akawa hali, halali, na kila magharibi ikiingia moyo unamwenda mbio. Alijiona ana kasoro, na mwisho alifika mahali pa kuomba asiamke asubuhi.

Bibi hakumpa dawa ya kupaka wala ya kunywa. Kwanza alimsikiliza, siku nne mfululizo, chumba cha nyuma cha duka letu. Kisha alikwenda naye kwa daktari wa kike. Daktari alimweleza kuwa hali ile inajulikana. Misuli hujifunga kwa hofu bila ya mtu kutaka, si uasi wala si uchawi, na ina tiba ya taratibu ya mazoezi na utulivu. Alimweleza pia kuwa ule usingizi uliopotea na zile fikra za kutaka kufa ni maradhi ya moyo na akili yanayohitaji tiba yake yenyewe, akapelekwa kwa mshauri. Mume aliitwa akaelezwa na mzee wa upande wake, na alilia naye, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kitu zaidi ya kulipa mahari. Ilichukua miezi. Mwaka huu kabla ya Ramadhani alituletea yale magauni tukayafumua mishono.

Tunawaomba nini

Bi harusi mtarajiwa, kabla hujachagua rangi ya dukhula, chagua somo. Asiwe mtu wa kukodi siku moja. Awe mwanamke mcha Mungu, mwenye siri, aliyeishi ndoa akaijua tamu yake na chungu yake, na asiyeona raha ya mwanamke kuwa ni aibu. Mwombe mbele ya mama yako, ili wajibu ujulikane. Muulize tangu mwanzo, "Nikirudi kwako baada ya mwaka nina tatizo, utanifungulia mlango?" Akisita, tafuta mwengine.

Mwanamke uliyekwisha olewa, kukosa hamu si dhambi na si lazima iwe ndoa imekwisha. Uchovu hufanya hivyo, kunyonyesha hufanya hivyo, baadhi ya dawa hufanya hivyo, na huzuni ya muda mrefu hufanya hivyo sana. Kama ni wiki mbili au zaidi huli vizuri, hulali, hakuna kinachokufurahisha, nenda hospitali ukaseme. Hapa Unguja tuna Kidongo Chekundu, na jina lake tumelifanya tusi la kutaniana. Tuliache tusi hilo, maana linamzuia mgonjwa kwenda. Kama zinakujia fikra za kutaka kufa, usingoje hata hizo wiki mbili. Mwambie mtu leo, na uende hospitali leo. Na kama kinachokukosesha hamu ni kipigo au kulazimishwa, hilo si la kufundishwa uvumilivu. Mwambie mtu mwenye nguvu ya kukulinda.

Na sisi wanawake watu wazima, shangazi, makhalati, mafundi, wasusi, wapaka hina. Mikono yetu inawagusa wanawake kuliko mikono ya madaktari. Tunaona mwili uliopungua, nywele zinazokatika, mkono wenye alama. Sisi dukani kwetu tumeamua kwamba futi ikituonesha jambo, tutaweka chaki chini kwanza tuulize. Wengine hujibu kwamba wanafunga sunna tu, tunacheka yanaisha. Wengine hukaa kimya kidogo, na tunawapa kiti.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma kama alivyoahidi, awaponye waliokaza mioyo na miili kwa hofu, na atujaalie kila mmoja wetu awe na somo na awe somo wa mwenzake. Amin.

Wassalaam alaykum, na harusi njema kwa mnaojiandaa.